Karatasi Moja ya Fundi

Yeye mwenyewe angenikataza kuanza na kuzaliwa kwake. Kalamu yake nyekundu ilifuta tarehe za kuzaliwa za vijana wengi katika ua wangu, ikafuta kabila, dini, jina la babu mzaa baba na shule ya msingi aliyosoma mtu, mpaka leo nikitaka kusema yeye alizaliwa wapi nahisi amesimama nyuma ya kiti changu na kalamu mkononi. Kwa hiyo naanza na kazi. Alikuwa fundi wa programu za kompyuta, na kwa miaka mingi alipanga chumba cha mwisho katika nyumba yangu ya Ng'ong'ona, huku Dodoma karibu na chuo. Tulimwita Fundi.

Jina hilo nilimpa mimi. Alipokuja kuulizia chumba nilitaka kujua anafanya kazi gani, akasema anatengeneza mifumo. Nikamuuliza mifumo ya nini, ya maji au ya choo.

"Ya kompyuta, Babu," akasema. "Yale maelekezo ya ndani yanayoiambia kompyuta ifanye nini."

"Basi wewe ni fundi kama fundi mwingine, ila hutajipiga nyundo kidoleni."

"Naumia kwingine," akajibu, akauliza kama chumba kina dirisha la upande wa upepo.

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, kwetu Mlali, kwa sababu ng'ombe walikuwa wengi na watoto wa kuchunga tulikuwa wachache. Kusoma najua, kuandika najua polepole. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, nikisimama mara kwa mara kunywa chai, kwa hiyo mkiona nimeruka mahali, hapo ndipo chai ilipokuja.

Nyumba za huku zinajaa wanafunzi. Wengine wakimaliza chuo wanarudi kwao, wengine wanabaki wanatafuta kazi, kwa sababu ofisi za serikali zimehamia hapa na kila mtu anaamini nafasi yake iko nyuma ya mlango mmojawapo. Hao wanaobaki wanahitaji wasifu, wenyewe wanaita sivii. Mtaani kwetu wasifu wote ulikuwa unatoka steshenari moja, na yule bwana wa steshenari alikuwa na mfano mmoja tu kwenye mashine yake, anabadilisha jina na picha. Ndiyo maana vijana wote wa Ng'ong'ona walikuwa wanapenda kusoma magazeti na kubadilishana mawazo. Nilikuwa na mpangaji ambaye tangu nimjue hajawahi kununua gazeti hata la kufungia maandazi, na mawazo yake hakuyabadilisha na mtu, lakini karatasi ilisema hivyo.

Fundi hakuweza kuvumilia karatasi za namna hiyo. Jumapili baada ya kanisa alikuwa anakaa kwenye kizingiti cha chumba chake, miguu uani, chai isiyo na sukari pembeni, na vijana wanampelekea. Wa kwanza ninayemkumbuka ni Baraka, kijana wa kanda ya ziwa aliyesomea hayo hayo ya kompyuta. Alileta kurasa nne, na picha amevaa tai yangu. Aliiazima asubuhi akasema ni ya ubatizo.

"Nne za nini?" Fundi akamuuliza.

"Dada Fundi, nne ni chache. Wenzangu wana sita."

"Wenzako wameshapata kazi?"

"Bado."

"Basi usiwaige." Akageuza ukurasa. "Huyu atakayesoma ana rundo mezani na chai inayopoa. Wewe unamwanzishia na shule ya msingi. Akifika kwenye kazi yako chai imekuwa maji ya mtungi. Na hii anwani ya barua pepe, Simba Mtoto wa Mjini, ndiyo unataka mkurugenzi aiandike kwa mkono wake?"

Baraka akasema alifungua anwani hiyo akiwa kidato cha pili. Fundi akasema inaonekana. Kisha akaniita, nilikuwa nakarabati mlango wa banda la kuku, na hapo ndipo kazi yangu mpya ilipoanza bila kuombwa kwa adabu.

"Babu, njoo usikie. Baraka, msomee."

Baraka akasoma: "Nilishiriki katika uundaji wa mfumo wa kisasa unaotumia teknolojia mbalimbali."

"Wa nini?" nikauliza.

"Wa duka la dawa, Babu."

"Unafanyaje?"

"Unaonyesha dawa zinazokaribia kuisha muda wake."

"Kabla ya hapo walikuwa wanajuaje?"

"Walikuwa wanapanda ngazi, wanapekua boksi moja moja. Nyingine wanazisahau mpaka wanatupa."

"Na wewe ulifanya kipi hapo?"

"Sisi tulifanya..."

Fundi akamgonga gotini kwa kalamu. "Nyie kina nani? Anayeajiriwa ni mmoja."

Baraka akajikuna shingo. Akasema ile sehemu inayotoa onyo mapema aliiandika yeye peke yake, wenzake walikuwa likizo. Fundi akamwambia aandike hivyo hivyo, likizo aiache.

Tangu siku hiyo ikawa kanuni ya ua. Babu asikie. Kijana anasoma alichoandika, mimi nakunywa chai, kikombe kikiisha narudia nilichosikia. Ninachoweza kurudia kinabaki, nisichoweza kinafutwa au kinaandikwa upya. Kuna mmoja nilisinzia kabla hajafika katikati. Fundi akamwambia, "Umeshajibiwa."

Msidhani nilikuwa mwamuzi mzuri. Kuna binti alikuja na maneno matamu, yanateremka kama mlenda, nikayarudia yote bila kukosea, na moyoni nilikuwa nimeshampa kazi. Fundi akachagua kitu kimoja tu katika orodha yake ya lugha za kompyuta, akamuuliza aliitumia wapi mara ya mwisho. Binti akasema aliwahi kuona darasani. Fundi akaikata, akakata na nyingine saba chini yake, zikabaki tatu. "Kila unachoandika hapa ni mlango," akamwambia. "Usiandike mlango usiotaka watu waufungue." Halafu akamtaka aweke mahali ambapo kazi zake zinaonekana, kule mtandaoni wanakohifadhi, mtu aingie ajionee mwenyewe. Binti huyo ni Rehema, akaja kupanga kwangu baadaye. Siku ile alilia. Fundi alimwacha alie mpaka mwisho, kisha akampikia.

Alikuwa hivyo, mkali na mwema kwa mkono mmoja. Alichukia uongo, ila kila Jumapili alisema uongo mmoja, ule wa kumwambia kijana, "Nimeshaona mbaya kuliko hii." Aliweza kukaa siku nzima akitafuta kosa dogo kwenye programu yake, lakini sufuria zake zote zilikuwa nyeusi kwa kuunguza. Mtu asiyeogopa mashine yoyote aliogopa bata wa jirani, akimwona anazunguka kwa njia ya nyuma. Mke wangu alikuwa anasema Fundi angeolewa siku bata huyo akifa. Bata akafa, hakuolewa, mke wangu akaacha kutabiri.

Na kulikuwa na simu ya mama yake. Mama alikuwa anaishi kijijini, upande wa Chemba, miguu imeanza kumkataa. Akimpigia, Fundi alikuwa anatoka nje kwenye mtandao mzuri, anaongea lugha yao ile yenye sauti zinazopigwa kwa ulimi kama mtu anayevunja vijiti vikavu. Ua mzima ulinyamaza kusikiliza, ingawa hakuna aliyeelewa neno. Sauti yake ikiongea na mama ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo, ya mtoto aliyetumwa. Kila mara akipata nafasi alipanda basi kwenda kumwona.

Sasa nieleze kwa nini alinichagua mimi niwe sikio lake. Si kwa sababu ya uzee, wazee tumejaa. Ni kwa sababu aligundua kwamba nimekuwa mshenga. Kule Mlali, na hata kushuka mpaka Gulwe kwenye reli, nimewasemea vijana wengi kwa wakwe, na sijarudi mikono mitupu isipokuwa kwa mmoja, na huyo alikuwa mlevi, nilijua. Fundi alinihoji kama ananisaili.

"Ukishakaribishwa, Babu, unaanzaje?"

"Nanyamaza mpaka niulizwe."

"Ukiulizwa?"

"Sianzi na mababu. Mababu wanawajua. Nasema kijana kafanya nini. Mwaka wa ukame ng'ombe za baba yake alizipeleka wapi na zilirudi ngapi. Shamba lipi kalifungua mwenyewe. Mambo machache, yenye shahidi. Ukirundika wanashtuka, wanaona unaficha kitu chini."

"Na nyumba zote unasema hayo hayo?"

"Wewe nawe. Kwanza nauliza hiyo nyumba ina haja gani. Kama wana mashamba na hawana mikono, nasemea mikono. Kama wana ugomvi wa ndugu, nasemea upole wake. Kijana ni yule yule."

Akaisahau chai yake, ikapoa kweli. Jumapili iliyofuata nikamsikia akimwambia Baraka, "Wasifu ni mshenga wa karatasi. Soma tangazo ujue nyumba unayompeleka." Sikudai haki yoyote, lakini siku hiyo nilitembea uani nikiwa mrefu kidogo.

Baraka alipata kazi. Rehema akapata ya muda. Wengine majina yamenitoka, ila wakipita kwa pikipiki zao wanapiga honi. Wote waliondoka kwangu na karatasi moja, upande mmoja, na mwanzo wake kitu walichotengeneza na kilichobadilika kwa sababu yao. Najivunia hilo kama mwingine anavyojivunia mifugo.

Halafu mradi wa Fundi ukaisha. Alikuwa kwenye mradi wa visima vya vijijini, wafadhili wakamaliza muda wao wakaondoka. Dar es Salaam walimtaka hata kesho, rafiki yake alimpigia mbele yangu. Lakini Dar es Salaam ni mbali na Chemba, na mama yake sasa alikuwa hafiki hata mlangoni bila kushikwa. Hapa Dodoma kulikuwa na ofisi moja tu iliyotangaza nafasi ya kiwango chake, mkuu wa mifumo, na mwisho wa kupeleka maombi ulikuwa Ijumaa. Akiipata, angemleta mama akae naye. Akiikosa, angekwenda pwani na kumwona mama kwa likizo. Alinieleza hivyo anaosha vikombe, kwa sauti ya kawaida, lakini kikombe kimoja alikiosha mara tatu.

Alhamisi jioni Rehema akanijia kwenye banda la kuku, uso umemshuka.

"Shikamoo Babu. Dada Fundi ameandika 'tulishiriki'."

"Marahaba. Usinitanie."

"Njoo uone. Ana nusu ukurasa, na yote ni 'tulishiriki'."

Nilimkuta mbele ya kompyuta, mlango wazi, vumbi linaingia na hafungi. Nikamsomea kutoka kwenye kioo, polepole kama ninavyosoma, nikamwambia sijui kwenye karatasi hii kuna nani.

"Babu, nikiandika 'nilifanya' namsikia mama," akasema. "Kwetu nilivyolelewa, mtoto anayejitaja anaambiwa anyamaze, watamtaja wengine. Nimejaribu tangu Jumatatu. Nikiandika nafuta."

"Hawa wote uliwafundisha nini?"

"Kuwasemea wengine si kazi."

Hilo nililijua kuliko alivyodhani. Nikamwambia habari za ndoa yangu. Nilikuwa nimeshasemea watu, jina langu linajulikana, lakini zamu yangu ilipofika nilimtuma binamu. Mimi nilibaki nyumbani nachonga mpini wa jembe, nikaharibu huo na mwingine, mpaka mama akaninyang'anya panga. Hakuna mshenga anayekwenda kujisemea mwenyewe, hata awe hodari vipi.

"Kwa hiyo kaa humo humo ndani," nikamwambia. "Sisi tunakaa nje, tunakusemea. Wewe unaandika tu. Huruhusiwi kujibu, isipokuwa tukisema uongo."

"Babu, haya ni maombi ya kazi."

"Na mimi ni mshenga. Geuza kiti."

Akageuza kiti, akatupa mgongo. Tukaleta benchi. Rehema akampigia Baraka, akaja na nguo za kazini. Nikakohoa, nikanyamaza kidogo kama inavyotakiwa, nikaanza.

"Tumekuja kumsemea mtu. Dada yangu anaishi Kibakwe, milimani kule. Pampu ya kisima chao ilikuwa ikiharibika wanamtuma mtu ashuke mpaka wilayani, fundi wa pampu anakuja baada ya wiki tatu, wakati huo wanawake wanachota kwenye korongo pamoja na ng'ombe. Siku hizi mtu yeyote anatuma ujumbe kwa simu ya tochi, na fundi anafika siku ya pili. Dada yangu hajui nani alifanya hivyo. Mimi namjua. Mfumo huo aliutengeneza peke yake mtu wa chumba hiki."

Kutoka ndani: "Si kweli."

Baraka akanitazama. Nikatikisa kichwa, asiseme.

"Tulikuwa wawili," Fundi akasema, bado ametupa mgongo. "Mwenzangu alifanya ramani."

"Na wewe?"

"Ujumbe. Kuupokea na kumpelekea fundi aliye karibu. Mtandao ukikatika ujumbe usubiri, usipotee."

"Uliwahi kupotea?"

"Haujapotea hata mmoja."

"Haya. Andika hilo, kama ulivyolisema."

Tukasikia vidole vinaanza. Baraka akasema yeye ni shahidi kwamba Fundi aliwafundisha vijana wawili wa wilayani, na leo wanauendesha mfumo bila yeye. Vidole vikaandika. Rehema akasema lile tangazo linataka mtu anayeweza kuongoza wenzake, kwa hiyo la vijana wawili lipande juu. Kutoka ndani tukasikia, "Umekua, Rehema," likapanda. Baraka akataka iongezwe kwamba ana moyo mzuri.

"Hilo watalijua wenyewe. Ondoa."

"Si tumekubaliana hujibu?"

"Baraka, nakuja huko na kalamu."

Tulipomaliza, Rehema ndiye aliyesema Babu asikie. Fundi akasimama mlangoni akasoma ukurasa wake mmoja. Nikaurudia wote, na chai ilikuwa haijafika nusu kikombe. Ijumaa asubuhi ukaenda.

Walimwita kwenye usaili. Aliporudi alivua viatu uani akakaa kwenye benchi lile lile. Akasema walimwambia, haya, tueleze kuhusu wewe, na akamsikia mama tena. Watu watano wanamtazama. Ndipo akatukumbuka tumekaa nje, akasema, "Kuna mtu amepanga Ng'ong'ona, ametengeneza mfumo wa visima." Mmoja wao akacheka, akadhani ni mzaha. Mwingine akauliza, huyo mtu mtandao ukikatika anafanyaje. Akaanza kueleza, na alipofika katikati akajikuta anasema "nilifanya", na wao ndio waliomwomba apumzike wamuulize mengine.

Kazi akaipata. Wiki ile nilizunguka mtaani kama mtu aliyeoza binti. Hata buchani nilimsimulia mtu aliyekuja kununua maini tu, akaniacha katikati, sikumlaumu.

Alihama baadaye, akajenga chumba na sebule njia ya kwenda Kondoa, akamleta mama. Nilikwenda kuwatembelea juzi juzi, na kikapu cha zabibu. Mama amekaa kwenye kiti chenye mto, mwembamba, macho makali. Kiswahili chake ni cha salamu. Tukasalimiana, kikatuishia. Akamgeukia binti yake akauliza kitu, na sikuhitaji mkalimani, alikuwa anauliza huyu mzee ni nani.

Fundi akaweka birika chini. Akaanza kumweleza kwa lugha yao, vile vijiti vinavunjika kimoja kimoja, na safari hii sauti haikuwa ile ndogo ya zamani. Ilikuwa ya Jumapili, ya kizingitini. Nilisikia Ng'ong'ona. Nikasikia Kibakwe. Mama alikuwa ananitazama muda wote, mwanzo kama mgeni anavyotazamwa, halafu akaacha kumenya zabibu yake, halafu akanyoosha mkono akanishika kiganja akabaki nacho.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza Fundi.

"Mambo matatu tu, Babu. Uliyoyafanya." Akamimina chai. "Kama kuna la uongo, sema."

Neno hata moja sikulielewa. Ningeweza kuomba anitafsirie. Lakini nilikumbuka kanuni ya kutojibu ni ya nani, nikageuza kiti kidogo kuelekea dirishani, nikanywa chai yangu, nikamwacha aendelee.